Mwongozaji Kwanza: Njia ya Kuwafikisha Wasichana Wasioona kwenye Mbio Fupi



Mwaka 2024 jijini Paris, mwanamke wa Brazil aitwaye Jerusa Geber dos Santos, asiyeona kabisa, alikimbia mita 100 kwa sekunde 11.80 katika nusu fainali na kuandika rekodi mpya ya dunia ya daraja la T11. Fainali akaishinda kwa 11.83, kisha akaongeza dhahabu ya mita 200. Alikuwa na umri wa miaka 42, na hizo ndizo zilizokuwa dhahabu zake za kwanza za Paralimpiki baada ya kuhangaikia medali hizo tangu Beijing 2008. Ukipiga hesabu, kila sekunde iliyopita alikuwa amemaliza wastani wa mita nane na nusu, macho yamefungwa. Lakini miaka mitatu kabla ya hapo, Tokyo, mwanamke huyohuyo alitoka kwenye fainali ya mita 100 mikono mitupu. Hakuishiwa pumzi wala hakuteguka msuli. Ugwe mfupi uliomwunganisha na mwongozaji wake ulikatika wakati wa mbio, na bila ugwe ule mbio zake zilikuwa zimekwisha. Nimeyaweka matukio haya mawili pamoja kwa sababu hoja yangu yote imo kati yake. Tunapozungumzia mbio fupi za wanawake wasioona katika nchi zetu za Afrika Mashariki, huwa tunaanza kwa kuuliza wasichana wenye vipaji wako wapi. Mimi nasema tunaanzia mwisho. Wasichana wapo. Asiyekuwepo ni mtu wa upande wa pili wa ugwe, na mpaka tutakapomtafuta, kumfundisha na kumlipa kama tunavyomtafuta mwanariadha mwenyewe, kipaji cha msichana asiyeona kitabaki kukaa kwenye benchi pembeni ya uwanja.

Nieleze kwa ufupi madaraja ninayoyasemea, maana ulemavu ni wa aina nyingi na mbio zake ni nyingi vilevile. Michezo ya kwanza ya Paralimpiki, Roma 1960, ilikuwa ya watumiaji wa viti vya magurudumu peke yao. Wasioona na waliokatwa viungo walifunguliwa mlango Toronto mwaka 1976. Leo wakimbiaji wenye ulemavu wa kuona wamegawanywa katika madaraja matatu. T13 wana uoni hafifu na hukimbia peke yao. T12 wanaona kidogo zaidi ya gizani, nao wana hiari ya kukimbia na mwongozaji au bila yeye. T11 hawaoni, au wanahisi mwanga tu, na wote hufunikwa macho kwa kitambaa kisichopitisha mwanga ili anayehisi chembe ya nuru asimzidi mwenzake asiyehisi chochote. Hawa wa T11 hawana hiari. Bila mwongozaji hawakimbii mbio fupi. Wakimbiaji wa miguu ya bandia, wenye mtindio wa ubongo na wa viti vya magurudumu wana mahitaji yao, na kila kundi linastahili mada yake.

Sasa tuutazame mwendo wenyewe kwa karibu, kwa kuwa wengi wetu tunauona kwenye runinga kwa sekunde kumi na mbili tu na kudhani ni jambo la kushikana mikono na kukimbia. Kila mwanamke anapewa njia mbili, moja yake na moja ya mwongozaji, ndiyo maana uwanja wa njia nane hutoa fainali ya wanawake wanne. Mwongozaji humfikisha kwenye vibao vya kuanzia, naye hupapasa mwenyewe mpaka vidole vikae sawasawa nyuma ya mstari. Ugwe usiovutika umezunguka vidole vya wote wawili. Tuseme mwanamke yuko kushoto. Mkono wake wa kulia na mkono wa kushoto wa mwenzake sasa ni kama mkono mmoja: huenda mbele pamoja na kurudi nyuma pamoja. Mikono ikifungamana hivyo, miguu nayo haina budi kufuata. Miguu miwili ya nje hukanyaga kwa wakati mmoja, kisha miwili ya ndani, kama mtu na kivuli chake kwenye kioo. Mwongozaji ambaye kwa kawaida ni mrefu na hatua zake ni ndefu lazima azifupishe na kuzibadili upesi kuliko mwili wake ulivyozoea. Akichelewa kwa sehemu mbili tu za mia za sekunde, kwa kasi ile ya Paris amebaki nyuma kwa sentimita 17, na sentimita 17 kwenye ugwe mfupi ni mvuto unaopinda bega la mwanamke na kumtoa kwenye mstari. Kazi ya namna hii haijifunzwi asubuhi ya mashindano. Inajengwa kwa miezi, watu wawili walewale, uwanjani pamoja, mpaka mmoja ajue pumzi ya mwenzake.

Hapa ndipo linapojitokeza pingamizi la kwanza, ambalo nimelisoma na kulisikia likisemwa na watu wenye akili zao timamu: kama kazi ya mwongozaji ni kubwa kiasi hicho, basi medali ni yake, na mwanamke anakokotwa tu. Pingamizi hili linaanguka mahali pawili. Pa kwanza ni kanuni. Mwongozaji haruhusiwi kumvuta wala kumsukuma mkimbiaji, na mwanamke lazima atangulie kuvuka mstari wa mwisho. Mwongozaji akitangulia, wote wawili wamepoteza. Waamuzi hawalichukulii jambo hili kimzaha. Rio 2016, Libby Clegg wa Uingereza alikimbia nusu fainali ya mita 100 T11 kwa 11.91, rekodi ya dunia ya wakati huo, akaondolewa mashindanoni kwa madai kwamba mwongozaji wake alimsaidia. Rufaa ikakatwa, ikakubaliwa, akarudi na kushinda fainali kwa 11.96. Mtu anayedhani mwanamke asiyeona hukokotwa mpaka dhahabu aitazame hadhari ile ya waamuzi. Pa pili ni ushahidi wa dunia nzima. Kama kasi ya mwanamume wa pembeni ndiyo ingeleta ushindi, Jamaika, yenye wanaume wenye mbio wengi kuliko nchi yoyote ya ukubwa wake, ingekuwa imelimiliki daraja hili zamani. Haikuwa hivyo. Walioufagia ushindi wa mita 100 T11 London 2012, dhahabu, fedha na shaba, walikuwa wanawake watatu wa Brazil: Terezinha Guilhermina, Jerusa Geber na Jhulia dos Santos. Mwongozaji hana uwezo wa kumwongezea mtu kasi asiyokuwa nayo. Anachofanya ni kuiondoa hofu inayomfanya mtu asiyeona ajizuie mwenyewe, kwa sababu mwili wa binadamu, hata wenye nguvu vipi, hukataa kuachiliwa kwa kasi yote kuelekea mahali usipopajua.

Mwongozaji hawezi kumwongezea, lakini kupunguza anaweza, tena sana. Wakenya wanakumbuka Sydney 2000, mbio za mita 5,000 za wanaume wasioona, Henry Wanyoike alipokuwa amewaacha wenzake mbali huku mwongozaji wake, aliyekuwa ameugua malaria, akiishiwa nguvu kabisa. Wanyoike ndiye aliyelazimika kumtia moyo na kumkokota mpaka mstari wa mwisho. Dhahabu ilipatikana, lakini ilikuwa karibu kupotea kwa sababu hapakuwa na mtu wa pili wa kushika ugwe. London 2012, katika fainali ya mita 400, mwongozaji wa Terezinha Guilhermina alianguka; Terezinha akaacha mbio na kujitupa chini kando yake, ilhali katika michezo hiyohiyo alitwaa dhahabu ya mita 100 na ya 200. Hawa ni mabingwa wenye maandalizi ya kiwango cha juu. Fikiria sasa msichana wa kidato cha pili anayepewa mwongozaji aliyeokotwa siku ya mchujo, ambaye hajawahi kufunga ugwe maishani mwake. Atakimbia sekunde 18, mwalimu ataandika 18 kwenye daftari, na daftari litasema hana kipaji. Kwa maoni yangu hili ndilo kosa letu kubwa zaidi: tunapima jozi mbovu, kisha hukumu yote tunamtwisha msichana.

Kwa nini basi nisisitize wanawake, na tena mbio fupi, wakati sifa ya ukanda wetu iko kwenye mbio ndefu? Jibu liko kwenye hesabu ambayo nadhani haijatazamwa vya kutosha. Mwongozaji lazima awe na kasi kumzidi anayemwongoza, na awe na akiba ya kutosha kukimbia huku akitazama, akisema na kurekebisha hatua. Kwa upande wa wanaume wa T11, rekodi ya dunia ya mita 100 iko chini ya sekunde 11. Aliyeiweka Tokyo, Mgiriki Athanasios Ghavelas, alikimbia 10.82. Mwongozaji wa mtu kama huyo ni mwanariadha ambaye nchi nyingi zingemtaka kwenye timu ya taifa, na ni vigumu kumwambia aache mbio zake. Kwa mwanamke wa 11.80 au 12.5 hali ni tofauti kabisa. Anahitaji kijana anayekimbia baina ya 10.6 na 11.2, mzuri lakini asiyetosha kufuzu Olimpiki. Vijana hao tunao. Tangu Ferdinand Omanyala alipokimbia 9.77 Nairobi mwaka 2021 na kuweka rekodi ya Afrika, vijana wa Kenya wamejua kwamba mbio fupi si za Wamarekani na Wajamaika peke yao; na nyuma ya mtu mmoja wa 9.77 kuna safu ndefu ya waliofanya mazoezi yaleyale wakakwama kwenye 10.7. Katika majeshi, vyuo na klabu za Tanzania na Uganda safu hiyo ipo pia. Leo kijana wa 10.7 huacha riadha akiwa na miaka 24 kwa kuwa hakuna anayemhitaji. Mwanamke wa T11 anamhitaji. Tena mwongozaji hupanda jukwaani na kuvishwa medali pamoja na mkimbiaji wake, heshima ambayo kijana huyo asingeipata kwa njia nyingine yoyote.

Lakini nimesema kijana wa kiume, na hapa pana pingamizi zito kuliko lile la kwanza. Mzazi wa Lushoto, wa Pemba au wa Garissa atauliza, na ana haki ya kuuliza: binti yangu asiyeona afungwe ugwe na mwanamume asiye ndugu yake, wasafiri pamoja, wafanye mazoezi alfajiri na jioni? Sitamjibu mzazi huyu kwa kumwambia kwamba dunia nzima inafanya hivyo. Msichana asiyeona anamtegemea mwongozaji kujua alipo, nani yuko karibu, mlango uko wapi. Utegemezi huo ukiangukia mikono mibaya ni hatari, na historia ya michezo duniani imejaa wasichana walioumizwa na watu waliopewa dhamana yao. Kwa hiyo mpango wowote wa waongozaji usio na kinga ni afadhali usianzishwe. Kinga zenyewe zinafahamika: mwalimu au meneja wa kike awepo kila mazoezi na kila safari, kila mkimbiaji awe na waongozaji wawili, ili asimtegemee mtu mmoja kwa kila kitu, kazi ya mwongozaji iishie uwanjani, na wa kumpeleka bwenini, bafuni na mezani awe mwanamke mwingine, na juu ya yote, mkimbiaji awe na haki ya kumbadili mwongozaji wake bila kutoa maelezo kwa mtu yeyote zaidi ya meneja huyo wa kike. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi, nami naliona ndilo lenye nguvu. Mwongozaji anayejua kwamba anaweza kuondolewa kwa neno moja la msichana atamheshimu.

Zaidi ya hayo, ulazima wa mwanamume huja mwishoni, kwenye kilele. Msichana anayeanza, wa sekunde 16 au 15, anaweza kuongozwa na msichana mwenzake wa shule hiyohiyo mwenye 14. Shule zetu mchanganyiko, kama Uhuru Mchanganyiko ya Dar es Salaam na Mugeza Mseto ya Bukoba, zimewaweka watoto wanaoona na wasioona darasa moja na uwanja mmoja kwa miaka mingi. Waongozaji wa mwanzo wako palepale, wanajuana kwa sauti na kwa majina ya utani. Shule za wasioona peke yao, kama Buigiri kule Dodoma au Irente ya Lushoto, zinaweza kushirikiana na sekondari ya jirani. Msichana akifika sekunde 13, mzazi wake atakuwa amekwisha kuuona mfumo unavyofanya kazi kwa miaka mitatu au minne, na suala la mwongozaji wa kiume litazungumzwa na watu wanaoaminiana. Ngazi hii inafaidisha pande zote mbili. Msichana anayeona anajifunza kutazama mbio kwa niaba ya mwingine, na nidhamu hiyo itamfaa akija kuwa kocha au mwamuzi.

Pingamizi la tatu ni la fedha, na wasemaji wake huwa ni viongozi wenye bajeti ndogo mezani. Wanasema: mwanariadha mmoja wa T11 ni nauli mbili, vitanda viwili, sahani mbili, kwa fedha hizo tunapeleka wawili wa T13. Hesabu hiyo ni sahihi kwa siku moja, na si sahihi kwa miaka kumi. Kwanza, mwongozaji ni nafuu kuliko vifaa vya madaraja mengine. Kiti cha mbio na mguu wa kaboni vinaagizwa kutoka ng'ambo kwa fedha za kigeni na vinahitaji fundi. Ugwe, kitambaa cha macho na kijana wa 10.7 vinapatikana nyumbani. Pili, tutazame waliothubutu. Kenya ilirudi kutoka Paralimpiki ya Tokyo na medali moja tu, nayo ilikuwa shaba ya mwanamke wa T11: Nancy Chelangat Koech katika mita 1,500, akiongozwa na Geoffrey Kiplangat Rotich. Sahani mbili zile ndizo zilizoiokoa nchi isirudi mikono mitupu. Namibia, nchi ya watu wapatao milioni tatu, ilipata dhahabu ya mita 200 T11 Rio 2016 kupitia Ananias Shikongo na mwongozaji wake Even Tjiviju, na mwanamke wake asiyeona, Lahja Ishitile, amekimbia mbio fupi za T11 kwenye Paralimpiki zaidi ya moja. Namibia haina utajiri wa Ulaya. Ilichofanya ni kukubali kwamba jozi ni mwanariadha mmoja. Brazil nayo ilikwenda mbali zaidi: sheria ya mwaka 2001 ilitenga asilimia mbili ya mapato ya bahati nasibu kwa michezo ya Olimpiki na Paralimpiki, na katika fungu hilo asilimia 15 ikaenda kwa kamati ya Paralimpiki. Miaka kumi na moja baadaye wanawake wake watatu walisimama jukwaa moja London. Sisemi sheria ile peke yake ndiyo iliyowapandisha, ila fungu linalojulikana kila mwaka ndilo linaloruhusu mwongozaji kuajiriwa badala ya kuombwa.

Wapo pia wanaouliza kwa nini tusijikite kwa T12 na T13, ambako mwongozaji ni hiari au hahitajiki, hasa kwa kuwa tuna wasichana wengi wenye ualbino ambao uoni wao ni hafifu. Swali ni zuri, na wasichana hao wanastahili kupimwa macho na kusajiliwa katika madaraja yao bila kuchelewa. Nasisitiza wapimwe, na wafanye mazoezi asubuhi na jioni, si juani saa nane mchana. Hata hivyo, hata wao hawajatoka nje ya hoja yangu. Omara Durand wa Cuba alishinda London 2012 katika T13 akikimbia peke yake. Baadaye akahamia T12, akachagua kukimbia na mwongozaji, Yuniol Kindelán, na kuanzia Rio hadi Paris akashinda mita 100, 200 na 400 katika kila michezo; dhahabu kumi na moja kwa jumla, pamoja na 11.40 ya mita 100 aliyoiweka Rio. Libby Clegg niliyemtaja naye alianzia T12, uoni ukazidi kupungua, akajikuta T11. Macho hubadilika. Nchi isiyo na waongozaji itampoteza mkimbiaji wake wa T13 siku atakapoambiwa na daktari kwamba sasa yeye ni T12, na itampoteza kabisa siku atakapokuwa T11.

Nimalizie na jambo la utaratibu, maana ndilo lililo mikononi mwetu sisi tulioko ukumbini humu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 30, unazitaka nchi ziwawezeshe watu wenye ulemavu kushiriki michezo, na watoto wenye ulemavu washiriki michezo ya shuleni sawa na wenzao. Hatuhitaji kungoja sheria nyingine. Katika maandalizi ya UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari za Tanzania, kila mwalimu mwenye msichana asiyeona ampangie mwongozaji tangu mwanzo wa muhula, wafanye mazoezi pamoja si chini ya mara tatu kwa wiki, na muda wao uandikwe kama muda wa jozi, ukiwa na majina yote mawili, ili mwongozaji akibadilika tujue tunalinganisha nini na nini. Vyama vya riadha viwaandikie barua vijana wa 10.6 hadi 11.2 wanaokosa nafasi kwenye timu, kabla hawajauza viatu vyao vya spaiki, viwaeleze kazi hii na malipo yake. Na fomu ya usajili wa mashindano iwe na nafasi mbili kwenye mstari mmoja, ya mkimbiaji na ya mwongozaji, na nauli ihesabiwe ya watu wawili tangu siku fomu hiyo inapojazwa, si usiku wa kuamkia safari wakati basi limekwisha kujaa.